Handaki Ndani ya Baruapepe: Namna ya Kuilinda Kadi Yako ya Benki

Mnamo Novemba 2017, wafanyakazi wa tawi la benki ya KCB mjini Thika walirejea kazini baada ya wikendi wakakuta hazina imeingiliwa kutoka chini. Wezi walikuwa wamekodi duka jirani, wakachimba handaki taratibu hadi chini ya chumba cha pesa, wakatoboa sakafu na kutoweka na zaidi ya shilingi milioni 50. Hawakuhangaika na mlango wa chuma. Kituo cha polisi hakikuwa mbali.

Kisa hicho hunijia kila ninapomsikia mtu wa Thika au Ruiru akisema, "Pesa zangu ziko benki, ziko salama." Ni kweli benki imeweka mlango wa chuma. Lakini mwizi wa kadi wa siku hizi hapiti mlangoni. Anakutumia baruapepe yenye faili, wewe unaifungua, na faili hiyo inachimba njia ndani ya kompyuta yako hadi pale ulipohifadhi tarakimu za kadi.

Kila mara tunaambiwa tuwe macho ili tuzitambue baruapepe bandia. Ni ushauri mzuri, na hapa chini nitaeleza namna ya kuzitambua. Hata hivyo, hakuna mtu anayekuwa macho siku zote. Ipo siku utakuwa umekwama kwenye foleni pale Githurai, umechoka, mteja anasubiri jibu, nawe utabonyeza. Kwa hivyo ninachokuomba ni zaidi ya kuwa macho: panga mambo yako ili siku mwizi atakapotoboa sakafu, akute chumba kitupu.

Programu hasidi inaiba vipi?

Programu hasidi ya wizi ni programu ndogo inayojipachika kwenye kompyuta na kukaa kimya. Haifungui dirisha jekundu wala haizimi mashine. Kwanza, inaingia kwenye kivinjari chako, kiwe Chrome, Edge au Firefox, na kukomba manenosiri na kadi ulizokubali zihifadhiwe humo. Pili, inanakili vidakuzi, yaani vijifaili vinavyoiambia tovuti kwamba wewe umeshaingia. Mwizi akivipata anaweza kuingia kwenye akaunti yako bila kuulizwa nenosiri wala nambari ya mara moja inayotumwa kwa simu. Tatu, nyingi hurekodi unachoandika kwenye kibodi: tarakimu 16 za kadi, tarehe ya mwisho ya matumizi, na zile tarakimu tatu za nyuma. Nyingine hupiga hata picha za skrini. Kisha mzigo wote hutumwa kwa mwizi kupitia intaneti, mara nyingi kabla hujamaliza kujiuliza kwa nini faili uliyofungua haina kitu.

Anayekutumia si lazima awe fundi wa kompyuta. Programu kama Agent Tesla, RedLine na Lumma zimekuwa zikikodishwa kwa wahalifu kwa malipo ya kila mwezi, kama mtu anavyolipia king'amuzi. Mei 2025 kampuni ya Microsoft ilitangaza kwamba imegundua kompyuta za Windows zaidi ya 394,000 duniani zilizoambukizwa Lumma katika kipindi cha miezi miwili tu, kati ya Machi 16 na Mei 16. Kwa wingi huo, hakuna sababu ya kudhani kwamba duka lako la Makongeni au ofisi yako ya Membley ni ndogo mno kulengwa. Mwizi halijui duka lako. Ametupa wavu, anasubiri samaki yeyote.

Barua zinazotufikia

Baruapepe za wizi huja zimevaa nguo za kazi yako. Ukijua shughuli za watu wa eneo hili, utajua watakavyoandikiwa.

Thika ni mji wa viwanda, na kila kiwanda kina wauzaji wanaokiletea bidhaa. Mhasibu wa kampuni ndogo hupokea ankara na maagizo ya bidhaa mchana kutwa. Barua ya mwizi itasema, "Tafadhali thibitisha ankara iliyoambatishwa kabla ya saa kumi." Faili imefungwa kwa zip, na huenda ikawa na nenosiri lililoandikwa ndani ya barua hiyo hiyo. Nenosiri hilo halikulindi wewe. Limewekwa ili mitambo inayokagua barua ishindwe kuona kilichomo.

Ruiru ni mji wa nyumba za kupanga. Mwenye nyumba wa Kimbo au Kihunguro anaweza kutumiwa "uthibitisho wa malipo ya kodi" na mpangaji asiyemkumbuka. Kwa sababu ni habari ya pesa kuingia, mkono unakimbilia kufungua.

Juni inapokaribia kwisha, watu wanaharakisha kuwasilisha ritani za ushuru kabla ya tarehe 30, na hapo jina la KRA linakuwa chambo kizuri: eti unadaiwa, au eti una pesa za kurejeshewa. Wengine hutumia jina la Posta au kampuni ya kusafirisha vifurushi na kudai mzigo wako umekwama kwa ada ndogo inayolipwa kwa kadi. Ada ni ndogo kwa makusudi. Anachotaka mwizi ni tarakimu za kadi utakazoziandika kwenye ukurasa wake.

Halafu kuna habari za kazi. Eneo hili lina Chuo Kikuu cha Mount Kenya mjini Thika, Zetech kule Ruiru na JKUAT pale Juja, na maelfu ya vijana wanaotafuta nafasi. Barua ya "mkataba wa ajira" ni chambo kwao. Upande wa pili, meneja anayeajiri hutumiwa wasifu wa mwombaji. Asiudharau mtego huo. Wizi wa Februari 2016 ambapo Benki Kuu ya Bangladesh ilipoteza dola milioni 81 ulianza mwaka uliotangulia kwa baruapepe za mtu aliyejifanya anaomba kazi, zikiwa na kiungo cha kupakua wasifu wake.

Kabla hujafungua

Soma anwani, usisome jina. Jina linaloonekana juu ya barua mwizi hujiandikia apendavyo. Kwenye simu, gusa jina hilo ili anwani kamili itokee. Kisha isome kutoka mwisho kurudi nyuma. Anwani za serikali ya Kenya huishia kwa .go.ke, na ya KRA huishia kwa kra.go.ke. Ukiona kra.go.ke katikati, ikafuatwa na kistari na maneno mengine, kisha ikaishia kwa .com, huyo si KRA hata kidogo.

Usilipe wala kuingia kupitia kiungo cha barua. Ukiambiwa una deni la ushuru, andika mwenyewe anwani ya iTax kwenye kivinjari uingie uone. Kama deni lipo, utalikuta huko.

Tazama jina zima la faili. Windows huficha herufi za mwisho za jina la faili, kwa hivyo Ankara.pdf.exe itaonekana kama Ankara.pdf. Ingia kwenye mipangilio ya dirisha la mafaili na uwashe chaguo la kuonyesha herufi hizo. Ankara halali haina sababu ya kuishia kwa exe, js, vbs, iso wala html. Ukiona mojawapo ya hizo, futa.

Itazame bila kuipakua. Gmail hukuonyesha PDF au hati ya Word ndani ya kivinjari bila kuishusha kwenye kompyuta. Mara nyingi hilo linatosha kujua kama kuna la maana.

Usiwashe kilichozimwa. Hati ikikuomba uruhusu maudhui au uzime ulinzi ndipo isomeke, ifunge. Tangu 2022 Microsoft huzuia amri zilizofichwa ndani ya hati za Office zinazotoka kwenye intaneti, na anayekuomba uondoe kizuizi hicho anajua anachotafuta.

Kuna hila nyingine iliyoenea tangu 2024, na watu wengi hawajaisikia. Unabonyeza kiungo, ukurasa unakutaka uthibitishe kwamba wewe ni binadamu, kisha unakuelekeza ubonyeze kitufe cha Windows pamoja na R, halafu Ctrl na V, halafu Enter. Ukifanya hivyo umeiamrisha kompyuta yako mwenyewe ikamlete mwizi ndani. Hakuna tovuti halali inayothibitisha ubinadamu wako kwa njia hiyo.

Mwisho, piga simu. Ukipata ankara usiyoitarajia, au mteja akisema amebadilisha akaunti ya benki, mpigie kwa nambari uliyokuwa nayo zamani, si ile iliyo kwenye barua. Dakika mbili za simu ni rahisi kuliko miezi ya kufuatilia pesa.

Kufanya chumba kiwe kitupu

Sasa tufike kwenye kiini. Programu ya wizi huchukua kilichopo. Kisipokuwepo, haina cha kuchukua.

Ondoa kadi kwenye kivinjari. Fungua mipangilio ya Chrome au Edge, nenda sehemu ya njia za malipo, futa kila kadi, kisha uzime swichi inayoruhusu kadi kuhifadhiwa. Ndiyo, utalazimika kuandika tarakimu kila unaponunua kitu. Usumbufu huo ni wa sekunde thelathini. Futa pia picha za kadi ulizopiga na kuzituma kwa WhatsApp au kuziacha kwenye baruapepe, kwa sababu mwizi akiingia huko atazitafuta.

Kadi ya mshahara isiguse intaneti kamwe. Kwa ununuzi wa mtandaoni, tumia kadi ya kulipia kabla au ya akaunti ya kando unayoweka kiasi unachohitaji siku hiyo tu. Tangu Juni 2022, Safaricom na Visa wamekuwa na huduma ya M-Pesa GlobalPay, kadi isiyoshikika kwa mkono inayopatikana kwa *334# au kwenye programu ya M-Pesa. Inachota kwenye salio la M-Pesa, na tarakimu zake tatu za usalama unaziomba unapotaka kulipa, nazo hudumu kwa muda mfupi. Mwizi akizinasa jioni, asubuhi hazina kazi.

Weka kikomo. Uliza benki yako kama unaweza kupunguza kiwango cha matumizi ya mtandaoni au kuyazima kabisa hadi utakapoyahitaji. Kama hujawahi kununua kitu ng'ambo, huna haja ya kadi inayokubali malipo ya ng'ambo usiku wa manane.

Washa ujumbe wa kila muamala, hata wa shilingi kumi. Wezi wana mazoea ya kuijaribu kadi kwa kiasi kidogo kabla ya kukomba. Ukiona malipo madogo usiyoyajua, usiseme "ni pesa kidogo tu." Huo ndio mlio wa sururu chini ya sakafu. Funga kadi papo hapo.

Ujumbe wa nambari ya mara moja usome wote. Mara nyingi unataja kiasi na jina la anayelipwa. Usimpe mtu nambari hiyo, hata anayejitambulisha kuwa wa benki. Na usiitegemee peke yake, kwa sababu zipo tovuti za nje zinazokubali kadi bila kuiuliza.

Linda pia laini ya simu, maana ndiyo inayopokea nambari hizo. Kwa wateja wa Safaricom, piga *100*100# ili laini yako isiweze kubadilishwa na mtu mwingine kwa wakala wa mtaani.

Kompyuta yenyewe

Watu wengi hapa hununua kompyuta kuukuu kisha kuwekewa programu zilizovunjwa kufuli, kwa sababu Office halali ni ghali. Naelewa gharama hiyo. Lakini fundi au video ikikuambia "zima antivirusi kwanza ndipo programu ikubali," umeshafungua handaki mwenyewe. Programu hizo za bure ni mojawapo ya njia kuu ambazo RedLine na ndugu zake wamesambazwa. LibreOffice na hati za Google ni za bure na halali. Zinatosha kwa barua, ankara na hesabu za duka.

Microsoft Defender iliyomo ndani ya Windows haina malipo, iache iwake. Windows 10 ilikoma kupata masasisho ya kawaida ya usalama Oktoba 14, 2025. Kama kompyuta yako ingali nayo na huna mpango wa kuongezewa muda wa masasisho, usiitumie kwa mambo ya benki. Kwenye simu, usisakinishe faili ya APK uliyotumiwa kwa barua au WhatsApp, hata kama aliyekutumia ni rafiki.

Baruapepe yako iwekee uthibitisho wa hatua mbili. Anayeishika baruapepe anaweza kubadilisha manenosiri ya kila kitu kingine.

Kwa wenye biashara na wateja wa saiba

Kama una duka au ofisi, tenga kompyuta moja kwa ajili ya benki pekee: isifungue baruapepe za jumla, isitazame filamu, isichezewe na watoto baada ya shule. Anayepokea barua za wateja asiwe ndiye mwenye manenosiri ya benki kwenye mashine hiyo hiyo. Na mfanyakazi akikosea akafungua faili mbaya, usimfokee. Akiogopa kufukuzwa, ataficha kwa siku tatu, na siku hizo tatu ndizo zitakazokumaliza.

Kumbuka pia kwamba unaposhika taarifa za wateja una wajibu wa kisheria. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inamtaka anayezisimamia amjulishe Kamishna wa Data ndani ya saa 72 tangu atambue kuwa zimevuja, ikiwa uvujaji huo unaweza kuwadhuru wateja hao.

Kwa mteja wa saiba, kanuni ni moja: chapisha hati, jaza fomu, lakini usiandike tarakimu za kadi kwenye mashine ya watu. Malipo yafanye kwa simu yako na data yako.

Ukishabonyeza: saa ya kwanza

Oktoba 2024 ilipoisha, operesheni ya Interpol iliyoitwa Serengeti ilikuwa imekamata watu zaidi ya 1,000 katika nchi 19 za Afrika. Nchini Kenya ilihusisha kesi ya ulaghai wa kadi mtandaoni wa dola milioni 8.6, pesa ambazo zilitawanywa haraka hadi Falme za Kiarabu, Nigeria na China. Wizi huo ulichezea mfumo wa benki wenyewe, lakini somo lake linamhusu kila mwenye kadi: pesa zikishavuka mipaka, kuzirudisha ni kazi nzito. Kwa hivyo, ukishuku umenaswa, fuata mpangilio huu.

1. Katisha intaneti. Zima Wi-Fi au chomoa waya. Usipoteze muda kutafuta ulipokosea.

2. Pigia benki kwa nambari iliyo nyuma ya kadi. Funga kadi, omba mpya, na uandike jina la aliyekuhudumia, saa, na nambari ya malalamiko.

3. Chukua kifaa kingine kilicho salama. Badilisha nenosiri la baruapepe kwanza, kisha la benki. Toa vifaa vyote vilivyoingia kwenye akaunti, ili vidakuzi vilivyoibwa vife. Kagua kama kuna amri ya kupeleka barua zako kwa anwani usiyoijua.

4. Pitia taarifa ya akaunti, na kila muamala usio wako uukane kwa maandishi benki. Usingoje mwisho wa mwezi.

5. Piga ripoti kituo cha polisi, Thika au Ruiru, upewe nambari ya OB. Benki itaitaka. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mitandaoni ya mwaka 2018 imeufanya ulaghai huu kuwa kosa la jinai. DCI hupokea taarifa bila malipo kwa 0800 722 203, na Mamlaka ya Mawasiliano ina kituo cha kitaifa cha KE-CIRT kinachoshughulikia mashambulizi ya mtandaoni. Usiifute ile barua, ni ushahidi.

6. Kompyuta isafishwe kabisa: nakili hati zako, kisha Windows iwekwe upya. Kuikagua tu kwa antivirusi hakukupi uhakika.

7. Benki ikikupuuza, lalamika kwa maandishi kwa uongozi wake, na wasipojibu, peleka malalamiko Benki Kuu ya Kenya.

Usione haya. Aliyeibiwa kwa njia hii si mjinga. Ameviziwa na watu wanaofanya kazi hiyo kutwa. Aibu ndiyo inayowafanya wengi wanyamaze, na ukimya wao ndio unaomwachia mwizi nafasi ya kumfikia jirani.

Jioni hii, kabla hujalala, fanya mambo matatu: futa kadi kwenye kivinjari, washa ujumbe wa kila muamala, na uitoe kadi ya mshahara kwenye kila tovuti iliyoihifadhi. Hayahitaji pesa wala fundi. Kisha wikendi ukienda kuwasalimu wazazi, ichukue simu ya mama au baba umfanyie vivyo hivyo, ukimweleza kwa upole kila hatua, kwa sababu akiba yake ya uzeeni ikiibwa, si rahisi kuiweka mara ya pili.